Sikio la Kushoto

Katika maabara ile mtu alipoteza jina lake siku ya kugawiwa mnyama. Pomboo akifia ufukweni, Daktari, yule mama aliyewafundisha habari za wanyama wa baharini, aliwaita wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho na kuwagawia viungo kama bibi anavyogawa vinofu kwa wajukuu. Wewe shika tumbo, utuambie alikula nini. Wewe meno, utuambie alikuwa na umri gani. Wewe masikio. Kuanzia hapo kila mmoja aliitwa kwa kiungo chake. Hata mlinzi wa geti alipaza sauti, "We Tumbo, umesahau mwavuli!" na Tumbo akageuka bila kuona ajabu.

Yeye alipewa masikio, akawa Sikio.

Lilikuwa jina la kuponza, maana lugha yetu imelisheheneza sikio methali. Akibishana kidogo na Daktari, Meno, ambaye meza yake ilielekeana na yake, alisema polepole bila kuinua jicho kwenye darubini, "Sikio halipiti kichwa." Akikataa ushauri wake, aliambiwa, "Haya, sikio la kufa hilo." Sikio alicheka kwa pua tu, akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa mtu wa maneno.

Na ukimya huo ndio uliomponza. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa ngozi ya pomboo mwingine. Aliandika vizuri, kila mtu alisema ameandika vizuri, lakini aliposimama mbele ya jopo la kumhoji midomo ilimkauka. Waliuliza, akatazama viatu vyao. Waliuliza tena kwa upole, akatazama dirisha. Wakamwangusha. Na sheria ya chuo kile haikuwa na mjomba: mradi wako wa mwisho ukianguka mara mbili, unafungasha virago. Hakuna ya tatu.

Mama yake, fundi cherehani, hakujua lolote. Alidhani masomo ya bintiye yameongezwa mwaka. "Mnasoma sana nyie," alimwambia kwenye simu, mashine ikilia nyuma yake, na Sikio akajibu, "Ndiyo mama, tunasoma sana." Kila alipoikata simu ile alikaa kitandani akiitazama kama kitu kilichomng'ata. Masikio yale ya pomboo yalikuwa kamba yake ya mwisho. Yakimwokoa, uongo ule ungekufa kimyakimya bila mtu kuujua. Yasipomwokoa, angerudi nyumbani nao mkononi.

Mnyama mwenyewe alikuwa jike mzima, mnene, asiye na jeraha. Alikuja ufukweni akiwa hai. Watu walimsukuma majini, akarudi. Wakamsukuma tena hadi maji yakawafika kifuani, akajizungusha upande wa kushoto, akazunguka, akazunguka, akarudi palepale, mpaka akafa akiwatazama. Daktari alipomfungua kichwa alikuta ndani, upande wa kushoto, minyoo imefumana kama nyuzi zilizomshinda fundi.

"Pomboo anaona kwa masikio," alisema, ameshika koleo lake dogo. "Anatoa sauti, sauti inagonga kitu, inarudi. Akiwa kiziwi ni sawa na kipofu katikati ya barabara. Sasa swali ni moja: hawa minyoo walikuwa wamekaa tu kama wapangaji, au walikuwa wameula mfupa? Sikio, hilo ndilo swali lako. Hilo tu."

Mfupa wa sikio la pomboo si kama wetu. Haujashikana na fuvu; umening'inizwa kwa nyama na kano, kama hereni iliyotiwa ndani. Una sehemu mbili. Moja nzito, ngumu, ukiidondosha sakafuni inalia kama jiwe. Ya pili nyembamba, imejikunja kama kombe la baharini, ukiishika kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako. Minyoo ikila, inakula hiyo nyembamba. Kwa hiyo kila kitu, mnyama yule na mwaka wa Sikio na mashine ya mama yake, vyote vilikuwa juu ya ganda lile.

Ili kuupata mfupa lazima nyama ioze. Kichwa kinatiwa kwenye pipa la maji, kinafunikwa, kinaachwa. Maji yanageuka mchuzi, kisha yanageuka kitu kisicho na jina. Kila baada ya siku kadhaa unayatoa, unatia mapya. Sikio aliifanya kazi hiyo nyuma ya jengo, kwenye kibaraza kilichoelekea mtaro, akiwa amefunga khanga puani. Harufu ilimganda. Kwenye bweni alikolala, msichana waliyeishi naye chumba kimoja alihamishia godoro lake karibu na mlango. "Si kwa ubaya, dada yangu," alimwambia, "lakini leo nimeota nimekufa."

Kulikuwa na amri moja ya pipa, na Daktari aliisema kila mwaka kwa maneno yaleyale: maji ya pipa hayamwagwi, yanachekechwa. Unaweka chekeche kwenye mdomo wa mtaro, unamimina polepole, kwa sababu hujui ni siku gani nyama itaachia na mfupa kudondoka.

Basi siku moja afisa utawala alikuja. Alikuwa mtu mfupi, safi, kitambaa cheupe puani, na kulikuwa na wageni wakubwa waliotarajiwa kuzunguka majengo.

"Nani mwenye hili?" aliuliza kupitia kitambaa chake.

"Mimi," Sikio alisema.

"Hili nini?"

"Kichwa."

Afisa alifumba macho kidogo. "Binti, nikimaliza kuzunguka jengo hili, nisikikute. Maji haya yaende, pipa lifunikwe, na hilo shimo la majitaka nimeshaliitia gari, linakuja kunyonya sasa hivi. Sitaki wageni wadhani tunaficha maiti."

"Si uongo sana," Meno alisema kutoka dirishani. Afisa hakucheka.

Sikio alikimbia ndani kutafuta chekeche. Lilikuwa kwa Tumbo, limejaa midomo ya ngisi, midogo, myeusi, mamia kwa mamia, naye amejiinamia juu yake anaitenga mmoja mmoja kwa kibanio.

"Dada, nikitikisa hapa nimekwisha," Tumbo alisema bila kupumua. "Nisubiri kidogo tu."

Kidogo haikuwepo. Sikio alirudi kibarazani, akavaa glovu ndefu, akatia mkono ndani ya pipa mpaka begani. Maji yalikuwa meusi, huoni hata kidole chako. Akapapasa nyuma ya taya. Sikio la kwanza lilikuwepo, limeshika. Akauzungusha mkono upande wa pili, kichwa kikayumba, akapapasa. Limeshika. Akalivuta kidogo ahakikishe. Limeshika kabisa. Moyo ukatulia. Kama yote mawili yameshika, hakuna cha kudondoka. Chekeche la nini? Akaliinamisha pipa, likamwagika lote kwa mkupuo mmoja, gwaa, mpaka kwenye mtaro.

Kisha akakitoa kichwa akakiweka juu ya gunia. Kulia, mfupa upo. Kushoto, shimo.

Alikaa akilitazama lile shimo. Hakuelewa. Aliligusa kwa kidole, kama mtu anayegusa pengo la jino lake mwenyewe. Halafu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuja taratibu, baya zaidi kuliko kutoelewa. Kichwa kilikuwa kimelala kichalichali. Alipozungusha mkono, nacho kilizunguka naye. Alikuwa amegusa sikio la kulia mara mbili.

Hakupiga kelele. Alilipindua pipa, akaingia ndani nusu mwili, akakwangua tope la chini kwa vidole. Nyama, ngozi, mchanga. Hakuna. Akaufuata mtaro kwa magoti, akitomasa kila pembe ya saruji. Hakuna. Mtaro ulikuwa mfupi na ulikuwa mteremko, nao uliishia kwenye chemba ya majitaka yenye mfuniko wa zege.

Meno alitoka na kikombe cha chai. "Ehee, sikio la ku..." Alimwona uso. Akaweka kikombe chini. "Lipi?"

"Kushoto."

"Usiniambie."

"Kushoto, Meno."

Meno akavua shati, akabaki na fulana. Waliushika mfuniko huku na huku, wakauinua. Harufu iliyotoka humo ilifanya ile ya pipa ionekane marashi. Ndani kulikuwa na tope zito, na upande wa mbali bomba la kuingia kwenye shimo kubwa lenyewe.

"Mfupa ni mzito," Meno alisema, anajifariji yeye na kumfariji mwenzake. "Unazama. Hauwezi kwenda mbali. Utakuwa hapahapa."

Sikio alikuwa ameshalala kifudifudi, mkono ndani mpaka kwapani, shavu limebanwa kwenye zege. Alitoa jiwe. Akatoa kizibo. Akatoa jiwe jingine, la mviringo, lenye mkunjo, moyo ukamruka, akalifuta kwa khanga: jiwe. Alilirusha mbali kwa hasira kana kwamba lilikuwa limemdanganya kwa makusudi.

Hapo gari la majitaka likaingia kwa kinyumenyume, likilia. Dereva aliteremka, mtu mzima mwenye tumbo la mbele, buti za mpira, akaanza kulivuta bomba lake kubwa kama anayevuta ng'ombe.

"Habari za kazi, wanangu. Mmeanza bila mimi?"

"Shikamoo baba. Tusubiri, tafadhali," Sikio alisema. "Kuna kitu kimeanguka humu."

"Marahaba. Pete?"

"Sikio."

Dereva alimtazama masikio, yote mawili. "Unayo."

"La pomboo."

"Mama yangu," alisema dereva. Akamgeukia Meno. "Huyu mgonjwa?"

"Ni kweli, mzee. Ni la masomo yake. Akilikosa anafukuzwa."

"Mimi nanyonya kinyesi, kijana, sinyonyi masikio. Na nikichelewa hapa, bosi wangu ananifukuza mimi. Sasa tufukuzane wangapi?" Lakini aliliweka bomba chini, akakaa kwenye ngazi ya gari, akawasha sigara yake. "Nikiimaliza hii, nawasha mashine."

Basi wakachimba. Mkono haukufika chini, tope la chini lilikuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi. Meno alikimbia akarudi na beleshi la mtunza bustani na lile chekeche. Tumbo alikuwa amemimina ngisi wake wote kwenye sinia bila kuuliza swali. Sikio alilinyakua beleshi. Alichota, akamwaga kwenye chekeche, Meno akatikisa, akapiga maji. Alichota tena. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mahali pasafi pa kujifutia. Alimwona dereva anavuta sigara, akaona inavyopungua, akachota kwa nguvu zaidi, akidunga beleshi chini kama anayeua nyoka.

Beleshi likasema, ka.

Ilikuwa sauti ndogo. Wote walisimama. Sikio aliliacha beleshi, akatia mikono, akautoa mfupa akiwa ameufumbata kwa viganja viwili. Sehemu nzito ilikuwa nzima. Ile nyembamba ilikuwa imepasuka kama yai, vipande vingine vimening'inia, vingine havipo.

"Umelipata!" alisema dereva, akasimama kwa furaha ya kweli. "Si ndilo hilo?"

Sikio alikuwa akitoa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji baridi, pumzi zinaingia bila kutoka. Meno alimshika bega. Dereva alitazama huku na huku, akaizima sigara yake kabla haijaisha, akarudi kukaa kwenye gari bila kuwasha mashine.

Walivichekecha vipande vilivyobaki kimoja kimoja. Walivipata saba, vidogo kuliko ukucha, wakaviosha, wakavitia kwenye kisahani cha kioo. Ndani ya maabara hakukuwa na mtu mwingine. Tumbo alikuwa amekwenda kumtafuta Daktari.

Meno alizungumza akilitazama kabati. "Kuna lile la kufundishia. Droo ya pili. La kushoto, saizi hiyohiyo, halina namba."

Sikio aliikazia macho droo ile.

"Nasema tu. Nani atajua? Mimi sijaona kitu, nilikuwa na meno yangu."

Alikwenda akaifungua droo. Alilitoa. Lilikuwa zuri mno, jeupe, kavu, limeng'aa kwa kushikwa na mikono ya wanafunzi wa miaka na miaka. Alilisogeza kwenye lile shimo la fuvu. Lilikaa vizuri, utadhani lilizaliwa hapo. Alilishikilia pale kwa muda mrefu kiasi kwamba Meno akaanza kukusanya vyombo vyake ili asiwe anatazama.

"Ni zima," Sikio alisema hatimaye.

"Ndiyo uzuri wake."

"Huyu alikuwa anazunguka, Meno. Alikuwa anarudi. Nikimwekea zima, nitaandika kwamba alikuwa anasikia." Akalirudisha kwenye droo, lakini mkono wake ulichelewa kuifunga, na hata alipoifunga alibaki ameishika, kama mlango ambao mtu anausukuma kutoka ndani.

Daktari aliingia na miwani juu ya kichwa. Tumbo alikuwa ameshamweleza. Hakufoka, na Sikio angependa afoke. Alivuta kiti kwenye sinki, akawasha taa, akashusha miwani, akachukua lenzi na kisahani.

"Mfupa uliovunjika leo," alisema, "ukingo wake ni mkali na mweupe. Mfupa ulioliwa na mnyoo ukingo wake ni laini, umelainika polepole, mnyama akiwa hai. Umenielewa?"

"Ndiyo, Daktari."

Akakishika kipande cha kwanza kwa kibanio. "Hili ni beleshi." Akakiweka kando. Cha pili. "Beleshi." Cha tatu alikigeuza mara kadhaa. "Beleshi." Kila neno lilimwingia Sikio mahali pamoja. Cha nne, cha tano, cha sita, beleshi. Cha saba alikaa nacho. Alikisogeza karibu na taa, akakiondoa, akakisogeza tena. Alimpa Sikio lenzi.

Ukingo mmoja ulikuwa wa mviringo. Laini, umetafunika, kama sabuni iliyotumika.

"Hili si beleshi," Sikio alisema.

"Hili si beleshi," Daktari alikubali. Alivua miwani, akayasugua macho. "Lakini ni kimoja. Kwa kipande kimoja siwezi kuandika kwamba alikuwa kiziwi. Wala siwezi kuandika kwamba hakuwa. Ulikuwa na jibu zima mkononi, mwanangu. Lilikuwa humo ndani limekusubiri."

"Naomba unisaidie, Daktari."

"Nakusaidia. Nitakupeleka mbele ya jopo, na sitaficha kitu. Nawe usifiche. Usitazame viatu."

Hakutazama viatu. Siku ya jopo alisimama, mikono inanuka sabuni, akasema yote tangu pipa mpaka beleshi. Alisema alivyogusa upande mmoja mara mbili. Aliwaonyesha kipande kile kwenye picha kubwa ukutani, na alipoulizwa alijibu, na alipoulizwa tena alijibu tena, sauti ikitetemeka lakini ikitoka. Mzee wa katikati, mwenye sauti ya kubembeleza, alimwambia kwamba hajawahi kusikia mwanafunzi akisema ukweli kwa utaratibu namna ile. Kisha wakamwomba atoke nje, na alipoitwa ndani walimwangusha. Mradi hauna matokeo, walisema. Ukweli si matokeo. Walisema kwa huzuni, mmoja wao hata alisimama kumpa mkono.

Kwenye korido Tumbo alimkumbatia. Meno alikuwa amevaa tai, zamu yake ilikuwa inafuata, naye alisimama tu akiivuta ile tai. Sikio alikwenda mwisho wa korido, kwenye dirisha, akapiga simu kabla hajaogopa.

Mashine ya cherehani ililia, kisha ikanyamaza. "Mwanangu."

"Mama, shikamoo. Wameniangusha."

"Marahaba. Wamekuangusha wapi, umeumia?"

"Mtihani, mama. Mara ya pili. Mwaka jana pia niliangushwa, nilikuficha. Sasa nimefukuzwa."

Upande wa pili hapakuwa na kitu, si mashine, si pumzi. Sikio alibana simu mpaka sikio likamuuma.

"Mwaka mzima," mama alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nawaambia wateja."

"Najua, mama."

Ikasikika sauti ya mkasi ukiwekwa mezani. "Na huyo mnyama wako, yule uliyeniambia mnapima masikio yake, kila ukimtaja unanyamaza. Alikuwaje? Alikuwa kiziwi au hakuwa?"

Hakuna mtu kwenye jopo aliyemuuliza hivyo. Waliuliza njia, waliuliza vipimo, waliuliza beleshi. Sikio aliegemeza kipaji cha uso kwenye kioo cha dirisha na ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, watu wa korido wakageuka.

"Nafikiri alikuwa kiziwi, mama. Upande mmoja. Nafikiri hakuwa anajua bahari iko upande gani."

"Unafikiri?"

"Sijui. Sitajua kamwe. Nililivunja mimi."

Mama yake hakumwambia asilie. Hakumwambia yatapita. Alikaa naye kwenye simu, kimya, na nyuma ya kimya hicho mteja fulani alisikika akiuliza kama gauni lake liko tayari, na mama akamjibu, kwa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia, kwamba leo hakuna kilicho tayari.